Bohari ya Isevya

Bando la usiku huanza saa sita.
Kabla ya hapo nakaa na mashine tatu juu ya meza ya mninga
katika chumba kilichokuwa stoo ya vitanda vibovu,
hospitalini, Tabora, dirisha limezibwa kwa kadibodi
maana vumbi la Septemba halibishi hodi.

Nimezipa majina ya mitaa:
Isevya, Gongoni, Kanyenye.
Zilikuja kwa treni, zimeviringishwa mablanketi,
na Kanyenye ilifika feni yake ikikohoa.

Kazi yenyewe ni ndogo kuieleza:
zote tatu ziwe kitu kimoja. Ikizimika mojawapo,
jalada la mjamzito wa Sikonge
lisizimike nayo.

Natengeneza faili. Mistari minne:
jina la hazina, anwani, toleo, na ufunguo ulipo.
Ni kama kumtuma mtoto dukani.
Pita hapa, sema umetumwa na nani,
usichukue cha duka la jirani hata kikifanana.

Nakosea herufi moja.
Mashine inajibu: haikupatikana.
Haikasiriki, haicheki. Afadhali ingecheka.

Baba yangu, Mlekwa, alitunza bohari ya reli
miaka ishirini na sita, pale pale stesheni
njia inapogawanyika, hii Kigoma, hii Mwanza.
Siku moja alikataa behewa zima la misumari
kwa kuwa hati ilikuwa na mhuri asioujua.
Mkaguzi akamtukana mbele ya makuli.
Baba akasema: Misumari naiona. Aliyeituma simwoni.
Nyumbani tulimcheka mwezi mzima.

Sasa skrini inaniuliza:
saini hii, unaiamini? Ndiyo au hapana.
Njia ya mkato ipo, kila fundi anaijua:
unaandika sifuri palipo na moja
na ukaguzi unalala.
Saa saba kasoro. Bando linayoyoma.
Nasoma ufunguo, kidole kimoja kwenye skrini,
kingine kwenye karatasi niliyoijaza jioni
Ng'washi akinitajia kwa simu kutoka Dodoma,
nne nne, kama wahesabuo magunia ya karanga.
Zimelingana.
Ndiyo.

Hapo ndipo mahari ilipoanza.
Kifurushi kinadai kifurushi,
hicho nacho hakiji bila mjomba wake,
mjomba hakai bila shangazi wa toleo la tatu,
na shangazi yupo tayari, ila wa toleo la pili,
ameketi, amejifunika, haondoki.
Namwondoa kwa adabu. Anaacha faili zake mlangoni.

Vifurushi mia moja arobaini na saba.
Sitavivuta mara tatu; mshahara wangu haujui hesabu hiyo.
Vinashukia Isevya, Isevya ndiyo bohari,
Gongoni na Kanyenye zichote kwake
kwa waya wa mita mbili, bila kumlipa mtu.

Saa kumi, Sizya mlinzi anachungulia.
Huyu alirina asali Ipole kabla ya kushika rungu.
Anaweka sikio kwenye bati la Gongoni, anasikiliza.
"Malkia yuko wapi?"
Hakuna malkia, namwambia. Zinapiga kura.
Anatikisa kichwa: "Kundi hilo litahama."

Nang'oa waya wa Kanyenye mbele yake.
Taa zinasita. Nahesabu, moja, mbili, sita, tisa.
Figa moja haliinjiki chungu, hilo tulifundishwa;
kuhusu mawili hatukuambiwa kitu.
Kumi na moja.
Jalada linafunguka, jina la mama, wiki thelathini na nne,
kama vile hakuna aliyeondoka mezani.
Sizya hasemi neno. Anarudi getini.

Narudisha waya, nafungua daftari, naandika
kwa mwandiko ulioanza kufanana na wa mtu mwingine:
Nimepokea 147. Mhuri naujua.
Feni bado inakohoa. Iagizwe.